Vyenye Pumzi Havihesabiwi

Kwenye arobaini ya Mzee Mhina, baada ya dua na pilau, wakati wanawake wenzangu wanasugua masufuria uani, mjane wake, Mama Salehe, aliniita chumbani. Alifungua kabati, na kabla sijaona kilichomo harufu ikanifikia: mafuta ya nazi, kutu, na karatasi za daftari zilizonyeshewa zikakauka. Nilijua papo hapo anachotaka kunionyesha. Wenzangu wa rika langu, mliokwisha kuzika wazazi na walimu, mnajua jinsi pua inavyoweza kumrudisha mtu kwenye umri wa miaka tisa, naye amesimama pale na kanga ya msibani kiunoni.

"Hiki unakijua?" Mama Salehe aliniuliza.

Alikuwa ameshika soksi ya kijivu, na ndani yake kitu kizito cha ukubwa wa limau.

"Nakijua, mama. Kiliwahi kukaa kwetu siku nne, chini ya kuku."

Alicheka, nadhani kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaketi kitandani na kunipigia godoro nikae karibu yake. Akataka nimweleze habari ya kuku. Nilimweleza, na kwa kuwa mdomo umeshafunguka, nawaeleza na ninyi.

Tulikaa Mazinde, kwenye nyumba za kambi ya mkonge. Baba alifanya kazi korona, kule kiwandani ambako majani ya mkonge hukamuliwa yakabaki nyuzi, na jioni alirudi na uchachu ambao sabuni haikuuweza. Babu yangu, ambaye sikumkuta hai, alikuja huko kukata mkonge akitokea mbali, akaoa Mzigua wa Handeni. Huyo Mzigua ndiye bibi yangu, na ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba yetu hata pale baba alipojidai kuwa ni yeye. Baada ya hao kulikuwa na mama, mdogo wangu Rama, na mimi, Zaina.

Bibi alikuwa na sheria nyingi, lakini mama wa sheria zote ilikuwa hii: vyenye pumzi havihesabiwi. Magunia hesabu, madebe hesabu, siku za mfungo hesabu. Si watu, si mbuzi, si kuku. Ukimuuliza kuku wake wako wangapi, alijibu, "Wanatosha banda." Alipokwenda zahanati na nesi akamuuliza amezaa mara ngapi, alimtajia watoto kwa majina, walio hai na waliotangulia, akamwacha nesi wa watu ahesabu kwa vidole chini ya meza. Karani wa sensa alipotupitia, bibi alimsimamisha nje ya uzio. "Wewe andika majina," alimwambia. "Hesabu kaifanyie kwenu." Nilipomuuliza sababu, alisema kinachohesabiwa hupungua, kisha akaendelea kupepeta mchele kana kwamba ameniambia jua huchomoza upande wa Korogwe na kuzama upande wa Same.

Sasa fikirini mtoto wa nyumba hiyo anaingia kwenye kikundi cha kuhesabu ndege.

Mzee Mhina aliwahi kuwa mlinzi wa moto wa shamba. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya mnara kiangazi kizima akitazama kama kuna moshi kwenye mkonge. Moshi hautokei kila siku, lakini ndege hutokea, na mtu aliyelipwa kutazama angani atatazama kilichopo. Alipostaafu alikuwa anawajua wote, wenyeji na wapita njia. Mgeni mmoja aliyepita akamwachia darubini, kitabu cha picha, na kidude cha chuma cha kuhesabia. Kijiji kilipoamua kwamba msitu mdogo unaozunguka bwawa la zamani la shamba uwe hifadhi, usikatwe kuni wala kuchomwa mkaa, hakuna aliyeuliza nani awe mwongoza wageni.

Wageni walikuwa wachache. Kwa hiyo alituongoza sisi, watoto wa shule ya msingi, kila mwaka masika yanapoanza. Huo ndio wakati ndege waliokuja na mvua za vuli wanaporudi kwao, nchi za mbali ambako, kwa maelezo yake, baridi imekwisha na wadudu wameamka. Wanapita wakifuata miguu ya milima ya Usambara, mbayuwayu, korongo, na wale niliowapenda kuliko wote, ndege wa buluu ambao vitabuni huitwa kambu. Kambu mmoja akitua kwenye waya hana makeke. Akifungua mabawa, utadhani mtu ametikisa doti la kanga mpya.

Tulifika bwawani alfajiri, viatu vimejaa tope, hakuna aliyevaa nguo nyeupe wala nyekundu, hakuna aliyeruhusiwa kunyoosha kidole. Ng'ambo ya bwawa kulikuwa na mashina mawili ya mkonge yaliyokwisha kutoa milingoti, ile miti mirefu myembamba inayochipuka mkonge unapozeeka. Hilo ndilo lilikuwa lango letu. Ndege aliyepita kati ya milingoti miwili alihesabiwa, aliyepita nje yake tulimtakia safari njema. Mzee Mhina alitazama kwa darubini na kusema kwa sauti ya chini, "Mmoja. Mmoja. Mwingine." Mbonyezaji alibonyeza kidude, tik, tik, tik, na namba kwenye kidirisha chake ikapanda.

Mbonyezaji nilikuwa mimi. Nilikipata cheo hicho kwa sababu sikuwa napiga soga, na sikumbuki cheo kingine chochote maishani kilichonivimbisha kichwa kiasi kile.

Kabla ya kuanza alikuwa na desturi moja. Ubavuni mwa kidude kulikuwa na kijigurudumu. Alikizungusha, namba za jana zikaviringika zote na kupotea, ukabaki mstari wa sifuri, naye akatuonyesha mmoja mmoja. "Sifuri," alisema. "Hatujaona kitu." Kisha ndipo tulipotazama juu.

Bibi hakunikataza kwenda. Alisema ndege wa porini hawana mwenyewe, hakuna wa kuwalilia. Ila alinitania kila nilipotoka na sweta langu alfajiri: "Mnawahesabu, halafu mnashangaa wanaondoka!" Kwake ulikuwa utani. Mimi nilikuwa na ushahidi. Wiki moja tuliwahesabu kambu mpaka kidole gumba kikaniuma, wiki iliyofuata anga tupu. Mzee Mhina alieleza habari za baridi na wadudu, nami kichwani nilielewa na mtihani ningefaulu. Lakini tumboni, ambako watoto huweka mambo wanayoyaamini kweli, nilijua kuwa tuliwahesabu wakaisha.

Mwaka ninaousema, mama alikuwa mjamzito na miguu imemvimba. Shule zilikuwa zimefungwa kwa Pasaka na kambu walikuwa wameanza kupita, kwa hiyo tulikwenda bwawani kila siku. Ijumaa moja mvua ilinyesha mpaka mchana, na Mzee Mhina akanikabidhi kidude. "Kwangu kunavuja," alisema. "Kaa nacho, Zaina, uje nacho kesho. Kishike kama yai." Nilirudi nyumbani nikiwa nimekiweka mfuko wa sweta, na mkono juu yake.

Jioni tulikula makande pamoja, kwenye mkeka, koroboi katikati. Baba anasimulia mashine iliyokwama. Rama anachagua maharage na kuacha mahindi. Sijui ni shetani gani aliyenipitia, au labda nilikuwa na furaha tu, na furaha ya mtoto haitulii mikononi. Nikamtazama bibi, nikabonyeza ndani ya mfuko, tik. Baba, tik. Mama, tik. Rama, tik. Nikajihesabu na mwenyewe. Halafu mama akasogea, akashika ubavu na kusema, "Huyu leo hatulii," na kidole changu kikabonyeza tena kabla sijakiuliza. Nilichungulia mfukoni kwa mwanga wa koroboi. Sita. Niliona imependeza.

Kulipokucha mama hakuweza kusimama. Alisema kichwa kinapasuka, na macho yanamwonyesha vimulimuli. Baba alikimbia kuomba gari la shamba, wakamlaza nyuma juu ya godoro letu, na kanga ya bibi juu yake. Nilisimama mlangoni nikaliona gari likiingia lami na kuelekea Korogwe, hospitali. Lilikuwa dogo, kisha dogo zaidi, kisha halikuwepo. Jinsi hiyo nilikuwa nimewaona kambu wakiondoka mara nyingi sana. Nikaingiza mkono mfukoni nikakuta chuma.

Ninyi watu wazima mtasema ni presha ya mimba. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini mimi nilijua kilichotokea, nilikuwa nacho mkononi. Na kulikuwa na jambo baya zaidi ambalo lilinijia pale pale mlangoni: kijigurudumu. Mzee Mhina alikuwa ananisubiri bwawani. Angepokea kidude, angekizungusha, na watu wangu wote, bibi, baba, mama, Rama na mtoto, wangeviringika na kupotea, naye angenionyesha kidirisha na kusema, "Sifuri. Hatujaona kitu."

Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na mtetea mwekundu wa bibi akiatamia ndani ya kikapu. Alikuwa mkali, hata Rama alimwogopa. Niliingiza mkono, akanidonoa mara mbili, nikakisukuma kidude chini ya mayai. Pale hakuna ambaye angekifikia.

Mzee Mhina alikuja mwenyewe jioni ile kutupa pole. Alimaliza kuzungumza na bibi, kisha akanigeukia.

"Kidude kizima, mwanangu?"

"Kimepotea," nikasema.

Nilingoja kofi au japo maneno. Alinitazama tu, akatazama mikono yangu yenye alama za kudonolewa, akasema, "Basi. Vitu hupotea." Kesho yake niliwaona kwa mbali bwawani. Alikuwa amejaza punje za mahindi mfuko wa kulia wa suruali, na kila ndege anayepita anahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Mzee mzima na mifuko imetuna kama mtoto aliyeiba. Niligeuka nikarudi nyumbani. Aibu ile naikumbuka kuliko fimbo zote nilizowahi kuchapwa.

Simu wakati huo ilikuwa kwa Mzee Mhina peke yake jirani na kwetu, tena ilishika mtandao sehemu moja tu, juu ya kichuguu cha pale bwawani. Baba aliazima simu hospitali na kumpigia kila asubuhi saa moja, na Mzee Mhina akituma mtoto alete habari. Jumapili habari ilikuwa, "Yuko vilevile." Jumatatu: "Madaktari wanamwangalia." Jumanne hatukuletewa neno lolote. Bibi alikaa na ungo mapajani bila kupepeta chochote. Nilikuwa nakwenda kuchungulia chini ya kuku asubuhi na jioni. Sita, sita, sita. Maadamu ilikuwa sita, nilijiambia, bado wapo.

Jumatano alfajiri nilichungulia nikakuta saba.

Sasa naweza kueleza. Kuku alikuwa amekaa juu ya kitu kinachobonyezeka, akageuza mayai yake kama kuku wote wanavyofanya, akabonyeza. Basi. Lakini nilikuwa na miaka tisa, mama yangu yuko hospitali, na kwenye kidude nilichokificha mwenyewe kumeongezeka mtu nisiyemjua. Wa saba ni nani? Nilimjua mmoja tu anayeingia nyumba za watu bila kubisha hodi na kuchukua watu, naye ni mauti. Nilipiga ukunga mpaka kuku akaruka.

Bibi alikuja mbio na mwiko mkononi, akidhani ni nyoka. Alinikuta chini, kidude mkononi, yai moja limepasuka, nalia hata sauti haitoki vizuri.

"Nimewamaliza, bibi," nikasema. "Nimewahesabu wote."

Alisema, "Mficha uchi hazai. Sema lote." Nikasema lote: makande, mfuko wa sweta, tumbo la mama, kijigurudumu, uongo kwa Mzee Mhina, na huyu wa saba. Nilisubiri anichape. Bibi yangu alikuwa mwepesi wa mwiko, na jambo nililolifanya lilikuwa kubwa kuliko yote aliyowahi kunikataza.

Alikaa chini sakafuni, karibu na kikapu, kwa shida kwa sababu ya nyonga yake. Akaanza kuokota vipande vya ganda.

"Unajua mimi huhesabu?" alisema.

Nikamtazama.

"Kila jioni nikifunga mlango. Kimoyomoyo. Huyu yupo, huyu yupo, yule hajarudi. Mama gani asiyehesabu? Nilichokataa ni kutamka." Alifuta mikono kwenye kanga. "Zamani, kule kwetu Handeni, mwanamke mmoja aliniuliza kisimani nina watoto wangapi. Nikamwambia wanne. Nilijivuna kidogo, wenzangu walikuwa na wawili, watatu. Mwaka haukuisha, Mwajuma akafa kwa surua."

Jina la Mwajuma nilikuwa nimelisikia akilitaja kwa nesi. Sikuwahi kujua kuwa alikuwa mtoto, mwenye sura na umri.

"Ni kwa sababu ulisema?"

"Ni surua, Zaina. Watoto wengi walikufa kijijini mwaka ule, na mama zao hawakuwa wamehesabu kitu. Lakini nililibeba mimi. Nimelibeba mpaka nikaligeuza kuwa sheria, nikawapa na ninyi mbebe." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona machozi ya bibi. "Sikumuua. Imenichukua miaka kulijua hilo, na siku nyingine nalisahau. Wewe lijue leo, ukiwa mdogo. Mama yako hukumgusa."

Ningependa kusema kwamba niliamini papo hapo. Sikuamini, lakini kifua kilifunguka kiasi cha kupitisha pumzi, na nilikuwa sijavuta pumzi nzima tangu Jumamosi. Bibi aliinuka kwa kushika ukuta, akanifuta makamasi kwa pindo la kanga, akafunga kidude kwenye pindo lingine.

"Twende ukakirudishe," alisema. "Na tukasikilize simu wenyewe."

Bibi hakuwahi kufika bwawani hata siku moja. Alitembea polepole kwenye tope, akilaumu njia, akilaumu nyasi, akauliza ni watu gani wenye akili wanaoamka saa hizo kutazama kitu kisicholiwa. Tulipofika Mzee Mhina alikuwa chini ya kichuguu na watoto wanne, mifuko imetuna mahindi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, Zaina."

Bibi akafungua pindo la kanga. "Kilikuwa kwetu," alisema. "Mtoto amewahesabu watu wa nyumbani humu ndani, akaogopa utawafuta."

Mwanamume mwingine angecheka, na kama angecheka nadhani nisingemsamehe mpaka leo. Mzee Mhina alikipokea kwa mikono miwili. Alitazama kidirisha, akanitazama mimi. Kidole chake kilikuwa karibu na kijigurudumu, nikafumba macho.

"Saba," alisema. "Basi leo tutaanzia saba."

Nikafumbua. "Na mwisho?"

"Mwisho tutawaweka kando watu wenu, tuandike ndege peke yao. Watu wenu hatuwagusi." Akanirudishia kidude mkononi. "Haya, mbonyezaji, simama mahali pako. Mahindi haya yamenichosha."

Na kambu wakapita. Sijui kama ni kweli kwamba walikuwa wengi kuliko siku nyingine zote au ni macho yangu yaliyokuwa yameoshwa. Walikuja chini kwa chini kutoka upande wa Korogwe, wametawanyika, wakipita kati ya milingoti miwili mmoja baada ya mwingine, buluu juu ya mawingu ya mvua, na Mzee Mhina akisema, "Mmoja. Mwingine. Mwingine." Nilibonyeza. Walitoka kule alikokuwa mama yangu. Bibi alipewa darubini akaigeuza kinyume, akasema, "Mbona chombo chenu kinawapeleka mbali zaidi?" Alipoonyeshwa upande wa kutazamia hakutaka tena kuirudisha. Mtoto mmoja akamuuliza ameona wangapi. "Wapo," alijibu bibi.

Simu ililia. Mzee Mhina alipanda kichuguu mbio, na kwa umri wake hazikuwa mbio za kuchekesha. Alisimama juu akiwa ameziba sikio moja. Alisema "Ndiyo." Akasema "Eeh." Kisha akasema "Alhamdulillahi" mara tatu, na kila mara kwa sauti zaidi, mpaka ndege mkubwa mweupe akaruka kutoka kwenye matete.

"Mama mzima!" alitupigia kelele kutoka juu. "Wamemzalisha kwa upasuaji jana, ameamka! Na watoto wazima!"

Bibi alishika mkono wangu. "Watoto?" aliita. "Umesema watoto? Kazaa wangapi?"

Ndiyo, ni yeye aliyeuliza wangapi. Mzee Mhina alifungua mdomo kujibu, kisha naona akakumbuka anazungumza na nani. Alishuka kichuguu taratibu mpaka alipofika mbele yake, ndipo akasema kwa heshima zote:

"Hassan na Hussein, bibi."

Kwetu majina hayo ni ya mapacha, hayaendi moja moja. Bibi alikaa palepale kwenye nyasi zilizoloa na gauni lake la kutokea, akalia na kucheka kwa wakati mmoja, akawaambia watoto wa watu wasimtazame. Mimi nilihesabu kwa vidole, wazi kabisa, mbele yake. Bibi. Baba. Mama. Rama. Mimi. Hassan. Hussein. Nilifika kidole cha saba nikasimama.

Sisemi kwamba kuku alijua. Kuku hajui kitu. Lakini yule mtetea mwekundu hakuchinjwa Idi ile wala Idi yoyote iliyofuata, alikufa kwa uzee wake, na ndiye kuku pekee wa bibi niliyewahi kumwona akipewa mchele mtupu. Mama alirudi baada ya wiki mbili, mwembamba, na mtoto kila mkono. Jioni ile ya kwanza bibi alisimama mlangoni kabla ya kufunga, akatutazama wote kwenye mkeka, na midomo yake ikasogea kidogo. Nilijua anafanya nini. Nikalala bila kuota kitu.

Leo nafundisha hisabati sekondari, Korogwe, na chekeni mkitaka. Hassan anaendesha bodaboda, Hussein yuko Hale na mke na watoto. Bibi alitangulia zamani, kwa amani, kitandani kwake. Nikiulizwa nina watoto wangapi, bado nataja majina.

Mama Salehe alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika ile soksi. Kisha akakitoa kidude na kukiweka kiganjani kwangu, kidirisha juu, na nikaona kwa nini aliniita.

Kilikuwa kinasoma saba.

"Miaka yote niliyolala naye," alisema, "akirudi kutoka bwawani anaandika daftari lake, anazungusha mpaka sifuri, halafu anabonyeza mara saba, ndipo anakipaka mafuta na kukiweka kabatini. Nilimuuliza kuna nini. Akasema ni watu wa mtu, amepewa awatunze. Hata alipokuwa hawezi tena kwenda bwawani alinisisitizia nisikichezee. Nilikuita kwa kuwa uliwahi kuwa mbonyezaji wake; mwenye watu hao sikumjua mpaka leo."

Nje wanawake walikuwa wanapanga masufuria, na mtu alikuwa anauliza sahani za nani hizi. Nilikishika kidude kama yai, nikaweka kidole gumba mahali pake pa zamani, nikabonyeza mara moja. Kilikuwa bado laini.

"Huyo wa nane ni nani?" Mama Salehe aliuliza.

"Ni Baba Salehe," nikamwambia.